Kalamu Katika Njia ya Garissa: Jinsi Waandishi wa Habari za Vita Walivyofuata Majeshi Hadi Mto Juba

Mji wa Garissa umekaa katika ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Nyuma yake iko njia iendayo Nairobi na katika mashamba ya nchi ya juu. Mbele yake ni nyika kavu inayofika Liboi, na kutoka Liboi huendelea hadi Afmadow, Kismayu na Mto Juba. Njia hiyo ni ya ngamia tangu zamani, lakini tangu mwaka 1940 imekuwa pia njia ya majeshi. Na katika malori ya majeshi hayo walipanda watu wachache wasiochukua bunduki. Mmoja alikuwa na daftari, mwingine kamera, mwingine mashine ya kupigia chapa iliyofungwa katika turubai isiingie mchanga. Hao ndio waandishi wa habari za vita.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kazi ya mwandishi wa vita ni kuwapo, ili mkulima aliye Murang'a na karani aliye Mombasa, ambao hawapo, wasipotewe na lao. Mtoto wa mkulima huyo pengine yuko vitani; kodi ya karani huyo hununua risasi. Wote wawili wana haki ya kujua yanayotendeka. Basi inafaa kutazama jinsi kazi hiyo ilivyofanyika katika nchi ya Garissa na mpaka wake, mambo gani yalionekana, na yapi yalipita mbele ya macho ya waandishi bila kuandikwa.

MPAKA NA NCHI ILIYOFUNGWA

Mpaka wa Kenya na Somalia haukuwa siku zote mahali ulipo leo. Hadi mwaka 1925 nchi ya Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ilitawaliwa pamoja na Kenya. Mwaka huo Waingereza waliwakabidhi Waitaliani nchi hiyo, kwa sababu ya ahadi zilizotolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka ukasogezwa magharibi. Wasomali wa ukoo mmoja wakajikuta wengine wako chini ya Mfalme wa Uingereza na wengine chini ya Mfalme wa Italia, ingawa ngamia wao walikunywa katika visima vile vile.

Upande wa Kenya, nchi hiyo ya kaskazini ilikuwa imefungwa. Sheria ya mwaka 1902 iliipa Serikali uwezo wa kuzifunga wilaya za mbali, na sheria ya mwaka 1934 ikazidisha masharti. Mgeni hakuweza kuingia bila cheti, wala mwenyeji hakuweza kutoka apendavyo. Kwa hiyo watu wa Nairobi walijua habari za Garissa, Wajir na Mandera kwa yale maofisa waliyopenda kuyasema, na kwa hadithi za wafanya biashara ya mifugo. Vita vilipokuja, waandishi waliingia katika nchi ambayo wasomaji wao hawakuijua hata kidogo.

Dalili ya vita ilionekana kwanza mbali upande wa kaskazini, katika visima vya Walwal, nchi ya Ogaden. Tarehe 5 Desemba 1934 askari wa Uhabeshi na askari wa Waitaliani kutoka Somalia walipigana hapo, na Oktoba 1935 Italia ikaivamia Uhabeshi. Waandishi wengi wa Ulaya na Marekani walikusanyika Addis Ababa. Walio wengi hawakuruhusiwa kufika penye mapigano. Wakakaa hotelini wakisikiliza uvumi na kuupeleka kwa simu kana kwamba wameona wenyewe. Mmoja wao, Evelyn Waugh, alirudi Uingereza akatunga hadithi ya kuwadhihaki waandishi wa namna hiyo, akaiita Scoop, ikatoka mwaka 1938.

Lakini walikuwapo wengine wa tabia nyingine. George Steer, kijana aliyezaliwa Afrika Kusini na aliyeandikia gazeti la The Times la London, hakuridhika kukaa mjini. Alifunga safari hadi Ogaden kabla ya vita kuanza, akaona mwenyewe ngome na watu waliokuwa tayari kuilinda. Aliyoyaona katika vita vile aliyaweka katika kitabu chake, Caesar in Abyssinia, kilichotoka mwaka 1936. Mwaka uliofuata ndiye aliyeujulisha ulimwengu habari za mji wa Guernica wa Hispania, ulioharibiwa kwa mabomu ya ndege. Tofauti ya Steer na wale wa hotelini haikuwa ufundi wa lugha, kwani wengi wao walijua kuandika vizuri kama yeye. Tofauti ilikuwa ni miguu: yeye alikwenda.

MTU WA KALAMU JESHINI

Italia ilitangaza vita juu ya Uingereza tarehe 10 Juni 1940. Siku chache tu baadaye ndege za Waitaliani zilitupa mabomu Wajir. Mwezi wa Julai askari wa K.A.R. waliozingirwa katika ngome ya Moyale walitoka usiku kwa siri, na ngome ikaangukia mikononi mwa adui. Ndipo Mto Tana ukawa ngao ya Kenya, na Garissa ikawa mlango wa vita. Askari wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, na askari wa Nijeria waliletwa kwa meli ili kuulinda mto. Wakafuatwa na askari wa Afrika Kusini. Mji mdogo uliozoea kelele za mbuzi na ngamia ukajaa malori, mapipa ya maji na lugha ngeni.

Mwandishi wa habari za vita alivaa nguo za jeshi zenye alama ya kazi yake. Alihesabiwa kama afisa, akala pamoja na maofisa, lakini hakuruhusiwa kuchukua silaha. Jeshi lilimpa nafasi katika gari, chakula na maji. Naye alipokwisha kuandika, karatasi zake hazikwenda moja kwa moja gazetini. Zilipita kwanza mbele ya afisa wa kukagua maandishi, mwenye mkasi na kalamu ya rangi. Hakuruhusiwa kutaja jina la kambi, idadi ya askari, siku ya kuondoka, wala mahali penye maji. Kisha karatasi zilizobaki zilibebwa kwa gari au ndege hadi Nairobi, na huko zikapelekwa kwa simu Ulaya na Afrika Kusini.

Msomaji mwenye busara ataona sababu ya masharti hayo. Katika nchi ya Garissa, kutaja kisima ni kutaja njia ya jeshi, na adui aliyejua njia ya jeshi angeweza kulisubiri hapo kwa mizinga. Maneno machache yaliyokatwa huenda yaliokoa maisha ya watu wengi. Lakini mkasi uliokata jina la kisima uliweza pia kukata kosa la jemadari, njaa ya kikosi au hesabu ya waliokufa. Mkasi haujui tofauti hiyo. Aujuaye ni yule aushikaye.

HABARI YA EL WAK

Mfano mmoja watosha. El Wak ni mahali penye visima, mpakani hasa, upande mmoja Kenya na upande mwingine Somalia. Tarehe 16 Desemba 1940 askari wa Afrika Kusini na wa Gold Coast walivuka mpaka wakawashambulia Waitaliani hapo, wakateka silaha, kisha wakarudi. Haikuwa vita vya kuteka nchi. Ilikuwa ni safari ya kumjaribu adui na kujua moyo wake.

Hata hivyo habari hiyo ilipofika Afrika Kusini, magazeti yaliipigia vigelegele, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa askari wa nchi hiyo kupigana katika nchi kavu tangu vita kuanza. Waandishi hawakusema uongo. Mapigano yalikuwapo, na ushindi ulikuwapo. Lakini ukubwa wa habari katika gazeti haukulingana na ukubwa wake uwanjani, kwa sababu kila gazeti hupima vita kwa kuwatazama watoto wa nyumbani kwake. Aliyesoma gazeti moja tu hakujua kwamba kulikuwa na vijana wa Gold Coast waliosafiri kwa bahari maelfu ya maili, wakapigana siku ile ile katika vumbi lile lile.

KUTOKA TANA HADI JUBA

Jemadari wa majeshi ya Kenya wakati huo alikuwa Alan Cunningham. Mwanzoni alifikiri kwamba hangeweza kushambulia kabla ya mwezi wa Mei 1941, kwa kuwa kati ya Tana na Juba maji ni adimu na malori hayakutosha. Mafundi wa Afrika Kusini wakachimba visima na kutengeneza barabara, na mwezi wa Januari jemadari akabadili shauri: safari ianze Februari, kabla mvua za masika hazijageuza vumbi kuwa tope.

Kwa waandishi waliofuata majeshi, adui wa kwanza hakuwa Mwitaliani bali ardhi. Maji yalipimwa kwa mtu mmoja mmoja. Vumbi la gari la mbele lilimfumba macho dereva wa nyuma. Miiba ilitoboa magurudumu, na lori lililoharibika lilisukumwa kando ili mengine yapite. Mwandishi aliyezoea kuandika juu ya mizinga alilazimika kwanza kujifunza kuandika juu ya mapipa ya maji, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyoamua nani atashinda.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa haraka ya ajabu. Afmadow ilitekwa tarehe 11 Februari 1941, Waitaliani wakiwa wamekwisha kuikimbia kwa hofu ya ndege. Tarehe 13 askari wa Gold Coast walipigana vikali Bulo Erillo, karibu na Mto Juba. Tarehe 14 askari wa Afrika Kusini waliingia Gobwen, na brigedi ya Afrika Mashariki, yenye askari wa K.A.R., ikaingia Kismayu siku hiyo hiyo. Mto Juba ukavukwa, na Jelib ikaanguka tarehe 22. Tarehe 25 Februari askari wa Nijeria waliingia Mogadishu, wakakuta galoni 350,000 za petroli ya magari ambazo Waitaliani hawakuwahi kuziteketeza. Kwa petroli hiyo majeshi yaliendelea kaskazini, yakapita Jijiga na Harar, na tarehe 6 Aprili 1941 yakaingia Addis Ababa. Walikuwa wamekwenda maili 1,700 hivi kwa siku 53, na hesabu yao ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea ilikuwa 501.

Mwandishi Carel Birkby wa Afrika Kusini aliisimulia safari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1942, It's a Long Way to Addis. Jina lenyewe lasema kweli: ni mbali kufika Addis. Lakini ni mbali zaidi kwa mtu atakaye kuandika, kwa maana jeshi linapokwenda mbio namna hiyo, mwandishi hana wakati wa kusimama na kuuliza. Akisimama Jelib kusikiliza habari za wenyeji, gari lake limekwisha fika Mogadishu.

YALIYOPITA MBELE YA MACHO

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa. Jeshi lililotoka Garissa lilisema lugha nyingi. Askari wa Nijeria na wengi wa Gold Coast walizungumza Kihausa. Askari wa K.A.R. walizungumza Kiswahili, wenye nchi walizungumza Kisomali, na Waafrika Kusini walizungumza Kiingereza na Kiafrikaans. Mwandishi aliyejua Kiingereza peke yake aliweza kuzungumza na maofisa tu. Kwa hiyo katika maandishi ya vita vile afisa ana jina, ana cheo, na pengine ana mzaha alioutamka kabla ya kwenda mbele. Askari mweusi mara nyingi hana jina. Husifiwa kwa ushujaa na kwa uvumilivu wake, lakini husifiwa kwa jumla, kama mtu asifuvyo kundi la ng'ombe wazuri.

Na wenye nchi walisahauliwa zaidi. Wasomali walikuwamo pande zote mbili za vita vile. Wengine waliwaongoza Waingereza katika nyika. Wengine walipigana chini ya bendera ya Italia, na wengi wa hao walipoona Juba umevukwa waliweka bunduki chini wakarudi kwa ngamia wao. Walifikiri nini juu ya watawala wawili waliogombea visima vyao? Mifugo mingapi ilipotea? Mashamba ya ukingo wa Juba yaliharibiwa kiasi gani na magari na mizinga? Waandishi waliopita mbio hawakuuliza, na kwa kuwa hawakuuliza, leo ni shida kupata jibu. Jambo lisiloandikwa wakati wake hutegemea kumbukumbu za wazee, na wazee hufa.

Kenya peke yake ilitoa karibu askari 98,000 katika Vita Kuu ya Pili. Wachache waliandika. Mganda mmoja aliyekuwa jeshini, Robert Kakembo, alitunga kitabu kidogo juu ya mawazo ya askari Mwafrika, nacho kilisomwa sana baada ya vita. Magazeti ya Kiswahili nayo yalikua katika miaka hiyo. Baraza lilianzishwa Nairobi mwaka 1939, na matangazo ya redio kwa lugha za Waafrika yakaanza kusikika. Lakini mwandishi wa Kiswahili aliyetumwa mbele ili aone kwa macho yake na kuuliza kwa lugha ya askari hakuwa sehemu ya kawaida ya jeshi lile. Watu wa kijijini walipata habari za watoto wao kwa barua fupi zilizokwisha kukaguliwa, au kwa mkono wa chifu aliyeleta habari ya kifo.

BWANA GANDAR DOWER

Haifai kudhani kwamba waandishi wale walikuwa watu wa raha. Mmoja wao astahili kukumbukwa hapa, kwa maana alishiriki mwisho wa wale aliowaandika. Jina lake lilikuwa Kenneth Gandar Dower, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1908. Kabla ya vita alijulikana kwa mchezo wa tenisi na kwa mambo ya ajabu: alikuja Kenya mwaka 1934 kumtafuta simba wa madoadoa aliyesemwa kuwa yuko katika milima ya Aberdare, na baadaye alichukua duma kutoka Kenya hadi Uingereza, akawashindanisha mbio katika uwanja wa mbwa mwaka 1937. Watu walicheka.

Vita vilipokuja, mtu huyo wa michezo akawa mwandishi na mpiga picha za vita. Aliandika juu ya vita vya Uhabeshi na juu ya askari wa K.A.R., kisha akafuatana nao mwaka 1942 katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Inasimuliwa kwamba aliposhuka pwani ya Tamatave alikuwa amevaa kofia ya mjini, mkono mmoja ameshika mwavuli na mkono mwingine mashine ya kupigia chapa.

Mwezi wa Februari 1944 alipanda meli Khedive Ismail katika bandari ya Mombasa, ikienda Colombo. Katika meli hiyo walikuwamo watu 1,511, na kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakielekea katika vita vya Wajapani. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani iliipiga meli kwa topido. Ikazama kwa muda wa dakika tatu hivi. Watu 1,297 walikufa. Waliookoka walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Gandar Dower hakuwamo katika waliookoka.

Jina lake limo katika vitabu. Majina ya askari wa mizinga waliokufa pamoja naye yamechongwa katika kumbukumbu za jeshi, lakini ni nani aliyeandika habari zao, kwamba huyu alitoka kijiji gani, na yule aliacha watoto wangapi? Aliyekuwa karibu zaidi kuweza kuziandika alizama pamoja nao.

MIAKA YA KIMYA

Vita viliisha, lakini mpaka haukutulia. Kenya ilipopata uhuru, Wasomali wengi wa kaskazini walitaka kuungana na Somalia, na mwezi wa Desemba 1963 Serikali ilitangaza hali ya hatari katika nchi hiyo. Vita vya Shifta vikadumu hadi mwaka 1967. Safari hii njia ya Garissa ilifungwa kwa waandishi kuliko wakati wa Waitaliani. Habari nyingi zilizofika magazetini zilikuwa za Serikali upande mmoja, na za redio ya Mogadishu upande mwingine, na kila upande ulihesabu maiti wa mwenzake tu. Watu waliokusanywa katika vijiji vya ulinzi, na mifugo iliyochukuliwa, walibaki katikati bila mwandishi. Sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi mwaka 1991, na katika miaka hiyo yalitendeka mambo mazito, kama ya Garissa mwaka 1980 na ya Wagalla karibu na Wajir mwaka 1984, ambayo nchi nzima ilikuja kuyasikia kwa ukamilifu baada ya miaka mingi sana.

NJIA ILE ILE TENA

Mwezi wa Oktoba 1911 ungekuwa wa ngamia. Mwezi wa Oktoba 2011 ulikuwa wa vifaru. Baada ya wageni kutekwa nyara katika pwani ya Lamu na katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, majeshi ya Kenya yalivuka mpaka ili kupigana na Al-Shabaab. Yalipita Liboi, yakaelekea Afmadow na Kismayu. Ni njia ile ile ya Cunningham. Lakini yeye aliwahi kabla ya mvua, na majeshi ya 2011 yaliikuta mvua. Magari yakazama katika tope. Afmadow, iliyotekwa mwaka 1941 katika majuma machache, ilitekwa mwisho wa Mei 2012, na majeshi yakashuka Kismayu mwisho wa Septemba mwaka huo.

Safari hii waandishi wa Kenya wenyewe walikuwamo katika magari, wakizungumza Kiswahili na askari, na picha zao zilionekana nyumbani jioni ile ile. Hilo lilikuwa jambo jema na jipya. Lakini sharti la zamani halikubadilika: mwandishi aliyechukuliwa na jeshi huona yale yaliyo upande wa jeshi. Tarehe 30 Oktoba 2011 ndege za Kenya zilitupa mabomu Jilib, mji ule ule ulioandikwa Jelib katika habari za 1941. Jeshi lilisema limewapiga Al-Shabaab tu. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wakiwatibu wakimbizi hapo, walisema watu 5 waliuawa na 45 walijeruhiwa katika kambi. Jilib ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab, na mwandishi aliyethubutu kwenda huko angehatarisha roho yake. Basi msomaji akaachiwa maneno mawili yasiyopatana, na hakuna jicho la tatu.

Miezi michache baadaye msemaji wa jeshi alitoa katika intaneti picha za kutisha za mtu aliyeuawa kwa mawe, kana kwamba ni tendo la siku zile. Wapiga picha wakazitambua: zilikuwa picha za mwaka 2009, zilizopigwa Somalia na mwandishi aliyekuwapo. Kwa kuwa mtu mmoja alikwenda, akaona, akaandika tarehe yake, kosa lilijulikana kwa muda mfupi.

Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliishambulia kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, katika jimbo la Gedo, upande wa pili wa mpaka kutoka El Wak. Mwaka 1940 habari ya El Wak ilitangazwa kuliko kiasi chake. Mwaka 2016 habari ya El Adde ilitangazwa pungufu. Mwandishi Yassin Juma, aliyejulikana kwa habari zake za Somalia, alikamatwa na polisi kwa yale aliyoyaandika katika intaneti juu ya shambulio hilo. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja hesabu ya askari 180 au karibu 200 waliokufa. Kenya iliikana hesabu hiyo, lakini haikutoa hesabu yake kamili. Katika nyumba nyingi za Kenya wazazi walizika watoto wao, kila mmoja akijua kaburi lake tu, pasipo kujua jumla ya makaburi.

LA KUTAZAMA KATIKA HABARI ZA VITA

Watu wengine husema kwamba katika vita ukweli wote ni hatari, na kwamba mwananchi mwema hapaswi kuuliza. Habari za njia ya Garissa zaonyesha vingine. Kuficha kisima na siku ya safari ni kulinda askari. Kuficha hesabu ya waliokufa hakumlindi askari aliyekwisha kufa, wala hakumdanganyi adui aliyekuwapo alipomwua. Anayedanganyika ni mama yake tu, na yule kijana mwingine atakayetumwa mahali pale pale mwaka ujao.

Basi msomaji apatapo habari ya vita vya nchi jirani, na atazame mambo matatu. Kwanza, aliyeandika alikuwapo, au ameambiwa? Pili, kama alikuwapo, alichukuliwa na gari la nani? Tatu, katika habari yake wamo wenye nchi, yaani wale wenye visima na mifugo, au wamo maofisa peke yao? Habari ikikosa jibu la swali moja, si lazima iwe ya uongo. Lakini haijatimia, na yafaa kungoja nyingine kabla ya kushangilia au kulia.

Na kwa vijana wa Garissa, Wajir na Mandera wanaosoma sasa, wakijua Kisomali cha nyumbani, Kiswahili cha taifa na Kiingereza cha shule, kuna kazi ambayo wageni wa mwaka 1941 hawakuweza kuifanya. Wanajua visima kwa majina yake. Wazee waliosikia habari za vita vile kwa baba zao wangaliko, wakikaa chini ya miti kando ya Mto Tana. Wakiendewa na kuulizwa mapema, maneno yao yataandikwa.